Riwaya Ndefu za Mtandaoni: Faili Linapogoma, Sura Zinapopotea

Riwaya ya Worm ilianza kuchapishwa kwenye blogu ya WordPress mwezi Juni 2011, ikafika tamati Novemba 2013. Mtunzi wake, John C. McCrae wa Kanada, ambaye wasomaji humjua kwa jina la Wildbow, alikuwa akitoa sura mpya mara mbili kwa wiki, na wiki nyingine mara tatu. Ilipokwisha ilikuwa na maneno takriban milioni 1.68, karibu mara tatu ya War and Peace ya Tolstoy katika tafsiri ya Kiingereza. The Wandering Inn, iliyoanzishwa mwaka 2016 na mwandishi anayejiita pirateaba, imeshavuka maneno milioni 10. Kazi za ukubwa huu hazisomeki kwa raha ndani ya kivinjari. Chaji huisha, bando hukata katikati ya pambano, na ukurasa ukijifungua upya msomaji hujikuta amerudishwa mwanzo wa sura. Ndiyo maana wengi huamua kukusanya sura zote katika faili moja la EPUB, kisha kulisoma kwenye Kindle, Kobo, au programu za simu kama Moon+ Reader na ReadEra, bila kuhitaji intaneti tena.

Zana za kazi hiyo zipo, na nyingi ni za bure. WebToEpub ni kiendelezi cha kivinjari: msomaji anafungua ukurasa wa riwaya, anabonyeza, orodha ya sura inatokea. FanFicFare hufanya kazi ndani ya Calibre, programu ya kutunza vitabu pepe ambayo Kovid Goyal alianza kuitengeneza mwaka 2006. Lightnovel-crawler imeandikwa kwa lugha ya Python na huweza kuendeshwa kwa amri za kuandika. Wapo hata waliotengenezea riwaya moja zana yake peke yake: worm-scraper iliundwa kwa ajili ya Worm na mwendelezo wake Ward, na pamoja na kukusanya sura hurekebisha makosa ya uchapaji yaliyobaki kwenye blogu.

Zana hizi hugoma, tena mara kwa mara. Anayelalamika kwamba “imekataa” hajasema jambo la kumsaidia, kwa sababu kazi yenyewe ni safari yenye hatua kadhaa na kila hatua ina magonjwa yake. Kwanza zana hutafuta orodha ya sura. Kisha huomba kila ukurasa kutoka kwenye seva, ikachomoa hadithi na kuacha menyu, matangazo na maoni. Sura hizo hufungwa kuwa kitabu, na mwishoni kitabu hupelekwa kwenye kifaa. Ukishajua kazi imekwama hatua gani, umemaliza nusu ya matengenezo.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa hitilafu mbaya kuliko zote haitoi ujumbe wowote. Ujumbe mwekundu wa kosa ni neema; angalau msomaji anajua kuna tatizo. Faili linalofunguka vizuri, lenye jalada la kupendeza na orodha ya yaliyomo, huku limekosa sura 40 katikati, humdanganya mtu kwa wiki nzima. Husoma mpaka mhusika aliyekufa anapotajwa kana kwamba msomaji alikuwepo msibani, ndipo anaposhtuka.

Sura hupoteaje kimyakimya? Njia ya kwanza ni orodha yenyewe kuwa pungufu. Tovuti nyingi hazionyeshi sura zote kwenye ukurasa mmoja. Huzigawa mia kwa mia, na msomaji hubonyeza ili kuona fungu linalofuata. Zana isiyoijua tovuti hiyo huchukua fungu la kwanza na kuamini imemaliza. Tovuti nyingine hupakia orodha kwa JavaScript baada ya ukurasa kufunguka, hivyo zana inayosoma msimbo wa awali tu hukuta pengo mahali ambapo jicho la binadamu linaona viungo 900. Wattpad, iliyoanzishwa Kanada mwaka 2006, ina tabia inayofanana na hiyo ndani ya sura: zilizo ndefu hugawanywa vipande ambavyo kivinjari hupakia kadiri msomaji anavyoshuka. Zana isiyofahamu hilo huleta kipande cha kwanza cha kila sura. Kitabu kinakuwa na sura zote kwa hesabu, lakini kila moja inakatika njiani.

Njia ya pili ni zana kuambiwa iruke. WebToEpub ina chaguo la kuruka sura zinazoshindikana ili kazi isisimame. FanFicFare nayo huweza kuruhusiwa kuendelea ikikutana na sura mbovu. Chaguo hizo zina faida kwa riwaya yenye sura elfu moja ambayo mbili zimefutwa na mwandishi. Lakini mtu akiziwasha bila kuangalia matokeo, amejitia upofu. FanFicFare ina uungwana mmoja unaopaswa kuigwa: huweka alama kwenye kichwa cha sura iliyoshindikana, hivyo pengo linaonekana kwenye yaliyomo.

Njia ya tatu ndiyo inayowanasa hata wazoefu. Seva inajibu kwamba kila kitu ni salama, inaleta ukurasa, lakini ndani ya ukurasa hakuna hadithi. Kuna fomu ya kuingia kwenye akaunti, au onyo la umri, au ombi la kuthibitisha kwamba anayesoma ni binadamu. Zana haina macho. Imepewa ukurasa, inaufunga kama sura. The Wandering Inn, kwa mfano, huwapa wanaoichangia kupitia Patreon sura mpya mapema, zikiwa zimefungwa kwa nenosiri. Zana isiyo na nenosiri huchukua kisanduku cha kuliandika na kukiita sura.

Kuligundua tatizo hili hakuhitaji utaalamu mkubwa. Faili la EPUB ni ZIP lenye jina jingine. Likinakiliwa na nakala ikapewa kiambishi cha .zip, hufunguka na kuonyesha mafaili yote ya ndani pamoja na ukubwa wake. Sura za kweli hutofautiana: moja ina kilobaiti 18, nyingine 31, nyingine 24. Yanapotokea mafaili 50 yenye ukubwa uleule mdogo, huo ni ukurasa mmoja wa kizuizi ulionakiliwa mara 50. Katika kihariri cha Calibre ipo ripoti inayoorodhesha mafaili kwa ukubwa, na kubonyeza safu hiyo mara moja hupanga yote. Ukaguzi huu huchukua dakika mbili na unastahili kufanywa kila mara kabla ya kuanza kusoma, pamoja na kulinganisha idadi ya sura za faili na ile inayotangazwa na tovuti.

Hitilafu zenye ujumbe, kwa upande wake, huzungumza kwa namba, na namba hizo zina maana. 404 ni kwamba ukurasa haupo. Mara nyingi mwandishi ameufuta au amebadili anwani yake. 403 ni kwamba seva imeelewa ombi na imekataa. 503 ni kwamba huduma haipatikani kwa wakati huo, na kusubiri kunaweza kutosha. Namba inayowahusu zaidi wapakuaji wa riwaya ndefu ni 429, iliyoingizwa rasmi kwenye viwango vya mtandao mwaka 2012, nayo humwambia mwombaji kwamba ameomba mambo mengi mno ndani ya muda mfupi.

Wengi wakiona 429 huanzisha kazi upya papo hapo, tena mara kadhaa, na kwa kufanya hivyo huongeza kosa lilelile wanaloadhibiwa kwalo. Dawa yake ni utulivu. WebToEpub ina mahali pa kuweka muda wa kusubiri kati ya sura na sura, na idadi ya kurasa zinazoombwa kwa mpigo inaweza kupunguzwa hadi moja. FanFicFare nayo huwekewa muda wa kupumzika kwenye faili lake la mipangilio. Riwaya ya sura 1,000 ikisubiri sekunde 3 kila sura huchukua dakika 50 za kusubiri. Huo ni muda wa kupika maharage yaliyolowekwa, na kompyuta inafanya kazi peke yake. Tovuti nyingi za riwaya huendeshwa na watu wachache kwa michango. Seva yao haikutengenezwa ili mtu mmoja aivute riwaya nzima kwa dakika moja.

Kizuizi kikali zaidi kilizikumba tovuti zilizojificha nyuma ya huduma za ulinzi kama Cloudflare. FanFiction.net, iliyofunguliwa mwaka 1998, kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kupakuliwa. Karibu na mwaka 2021 ulinzi huo ulipokazwa, zana zilizokuwa zikifanya kazi jana zikaanza kurudi na 403 leo. Watengenezaji wa FanFicFare walipata njia ya kuzunguka yenye busara: zana husoma kurasa kutoka kwenye akiba ya kivinjari, yaani kurasa ambazo msomaji mwenyewe ameshazifungua kama binadamu. Ni njia ya polepole. WebToEpub ina nafuu hapa kwa sababu huishi ndani ya kivinjari na hutumia vidakuzi vilevile vya mwenye kompyuta. Kwa hiyo, mtu anapozuiwa, jaribio la kwanza ni kuufungua ukurasa wa sura kwa mkono, kumaliza uthibitisho unaodaiwa, kisha kuirudisha zana kazini katika kivinjari hichohicho.

Kuta hizi hazikujengwa ili kumkomoa msomaji. Julai 2023 tovuti ya hadithi za mashabiki ya Archive of Our Own, ambayo wengi huiita AO3, ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo mpaka ikazimika. Aprili 2025 ilibainika kwamba kazi milioni 12.6 za tovuti hiyohiyo zimekombwa na kuwekwa kwenye jukwaa la Hugging Face kama hazina ya kufundishia programu za akili bandia, bila ridhaa ya waandishi. Baada ya matukio kama hayo, waandishi wengi wamefunga kazi zao zisomwe na wenye akaunti tu. Zana ya msomaji wa kawaida, isiyoingia kwenye akaunti, inafika mlangoni na kuonekana sawa na roboti nyingine yoyote. Ufumbuzi ni kuiwezesha itumie akaunti ya msomaji mwenyewe, akiwa nayo kihalali.

AO3, hata hivyo, inathibitisha kwamba tatizo zima lina suluhisho kama tovuti ikitaka. Jukwaa hilo, lililofunguliwa kwa umma Novemba 2009 na linaloendeshwa na shirika lisilo la kibiashara la Organization for Transformative Works, huweka kitufe cha kupakua juu ya kila kazi, kwa EPUB, AZW3, MOBI, PDF au HTML. Msomaji hahitaji kiendelezi chochote. Inashangaza jinsi watu wengi wanavyohangaika na zana za nje kwenye tovuti ambayo tayari imewawekea kitabu mezani.

Hatua ya kuchomoa hadithi kutoka kwenye ukurasa ina visa vya aina yake. Royal Road, iliyoanza kama uwanja wa mashabiki wa riwaya ya Kikorea The Legendary Moonlight Sculptor na leo ni moja ya majukwaa makubwa ya riwaya za Kiingereza, hupandikiza ndani ya sura sentensi zinazosema kwamba hadithi imeibwa na kumtaka anayeiona kwingine atoe taarifa. Kwenye tovuti yenyewe sentensi hizo hazionekani, kwa kuwa ukurasa una maagizo ya mtindo yanayozificha. Zana inayotupa maagizo ya mtindo na kubakiza maandishi huzifichua, na msomaji anakuta katikati ya mazungumzo ya mapenzi onyo kuhusu wizi.

Wapo wanaodhani zana imeharibika au faili limeingiwa na virusi. Sivyo. Ni mtego uliowekwa kwa ajili ya wezi wanaonakili riwaya za wenzao na kuziuza Amazon kwa majina ya bandia, na una haki ya kuwepo. Matoleo mapya ya WebToEpub na FanFicFare yanaitambua hila hiyo, hivyo kwa anayepakua nakala ya kusoma mwenyewe tiba ya kwanza ni kusasisha zana. Ushauri huu unafaa kwa karibu kila tatizo la hatua hii: tovuti hubadili mpangilio wa kurasa bila kumuaga mtu, na zana ya mwaka jana hutafuta hadithi mahali ambapo haipo tena. Kwa tovuti isiyotambuliwa kabisa, WebToEpub humwomba msomaji aeleze mwenyewe hadithi inakaa katika sehemu gani ya msimbo wa ukurasa. Kuijua sehemu hiyo ni kubofya kulia juu ya aya na kuchagua kukagua. Jina la kisanduku kinachozibeba aya zote ndilo linalotakiwa.

Tovuti za China zimekwenda mbali zaidi. Huko riwaya ya mtandaoni ni biashara kubwa: Qidian ilianzishwa mwaka 2002, na tangu 2003 hutoza wasomaji sura za kulipia kwa hesabu ya herufi. Majukwaa kama Jinjiang na Fanqie hutumia fonti maalumu ambamo alama fulani isiyo na maana popote pengine huchorwa kama herufi halisi. Ukurasa unasomeka, faili lililopakuliwa linatoa visanduku vitupu. Hapo hakuna mpangilio wa kurekebisha. Tovuti imeamua hadithi isitoke nje, na anayeitaka huisoma ndani ya programu ya tovuti hiyo.

Kuna pia vinavyopotea pasipo mtu kuzuia. The Wandering Inn hutumia maandishi ya rangi kuonyesha mambo yenye uzito katika hadithi. Kifaa cha wino wa kielektroniki cha rangi nyeusi na nyeupe huzifuta tofauti hizo zote. Riwaya zenye mtindo wa michezo ya kompyuta, jamii ya Dungeon Crawler Carl ya Matt Dinniman, hupanga nguvu za mhusika ndani ya majedwali, na jedwali pana kwenye kioo kidogo hukatwa pembeni. Picha nazo hupakiwa na tovuti pale tu msomaji anapozifikia, kwa hiyo zana huchukua nafasi tupu badala ya picha. Anayejali ramani za ulimwengu wa hadithi azikague kabla ya kufunga safari.

Sasa lije suala la riwaya inayotoweka yenyewe. Dungeon Crawler Carl ilianzia Royal Road, sawa na He Who Fights with Monsters ya Shirtaloon. Riwaya ya aina hii inapovuma, mwandishi huitoa kama kitabu Amazon, na akitaka iingie kwenye huduma ya Kindle Unlimited lazima akubali kwamba kwa vipindi vya siku 90 nakala ya kielektroniki haitapatikana popote pengine. Hivyo sura zinaondolewa kwenye tovuti na kubaki chache za kuonja. Msomaji aliyekuwa akisasisha faili lake kila mwezi anakuta 404 nyingi, au orodha iliyokuwa na sura 200 imebakiwa na 12.

Hapa ndipo ubora wa zana unapojulikana. FanFicFare, ikiambiwa isasishe faili, huhesabu sura zilizomo na zile zilizoko kwenye tovuti. Ikikuta tovuti ina chache zaidi, hukataa kugusa faili mpaka mwenyewe aamuru liandikwe upya. Asiyesoma ujumbe na kulazimisha anabaki na sura 12. Nakala ya akiba kabla ya kila sasisho ingemwokoa. Na kama kitabu kinauzwa, bei yake mara nyingi ni dola chache, fedha zinazomwezesha mwandishi huyo kuandika kitabu kinachofuata.

Kusasisha kuna mtego mwingine. Zana nyingi huleta sura mpya tu na kuziacha za zamani zilivyo. Lakini mwandishi wa mtandaoni hurudi nyuma na kurekebisha. Pirateaba aliliandika upya juzuu zima la kwanza la The Wandering Inn miaka kadhaa baada ya kulichapisha. Faili lililosasishwa kwa njia ya kuongeza linabeba juzuu la kale lililounganishwa na mwendelezo wa sasa. Vibaya zaidi, mwandishi akichomeka sura katikati, hesabu inasogea na sura moja inaweza kukosekana huku nyingine ikijirudia. Riwaya iliyofanyiwa matengenezo makubwa inapaswa kupakuliwa upya yote, polepole, mara moja.

Sura zikishapatikana zote, bado kitabu kinaweza kukataa kufunguka. Kiwango cha EPUB kilitolewa mwaka 2007, na toleo la 3.3 liliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Mei 2023. Ndani ya ule mfuko wa ZIP kunatakiwa faili dogo liitwalo mimetype, liwe la kwanza na lisibanwe. Mtu akifungua mfuko ili arekebishe neno moja kisha akaufunga kwa programu ya kawaida ya ZIP, mpangilio huo unavurugika na kifaa kinagoma. Marekebisho yafanywe ndani ya kihariri cha Calibre au Sigil, ambavyo hufunga mfuko inavyotakiwa.

Sura zenyewe huandikwa kwa XHTML, isiyovumilia uzembe ambao kivinjari husamehe. Alama ya “&” iliyoachwa peke yake, au agizo lililofunguliwa bila kufungwa, linatosha kuifanya sura moja iwe ukurasa mweupe huku nyingine zikisomeka. EPUBCheck, chombo cha ukaguzi kinachotolewa bure, hutaja faili na mstari wenye kosa. Njia ya mkato ni kukipitisha kitabu ndani ya Calibre na kukigeuza kutoka EPUB kwenda EPUB. Programu husafisha mengi yenyewe, na hugawa mafaili ya ndani yanayozidi kilobaiti 260. Mgawanyo huo una maana kwa simu yenye kumbukumbu ndogo, ambayo huzima programu ikilazimishwa kubeba riwaya nzima iliyorundikwa katika faili moja.

Wasomaji wa Kiswahili hawasumbuliwi sana na usimbaji wa herufi, kwa vile lugha hii haina alama juu ya irabu. Lakini mahali pamoja tatizo huwafikia. Programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na faili la UTF-8 likisomwa kama la usimbaji wa zamani wa Windows, ng’ombe anageuka “ngâ€™ombe”. Anayeliona jambo hilo asianze kufuta alama moja moja. Aiambie Calibre usimbaji sahihi wakati wa kugeuza faili, na vurugu yote huondoka mara moja.

Kindle ina masharti yake. Kwa miaka mingi haikupokea EPUB. Tangu 2022 huduma ya Send to Kindle inaikubali, na muundo wa zamani wa MOBI umeachwa. Kwa barua pepe kikomo ni megabaiti 50, kwa ukurasa wa wavuti ni 200, na riwaya yenye picha nyingi hupita kiwango cha kwanza kwa urahisi. Barua ikitumwa kutoka anwani isiyoidhinishwa kwenye akaunti, kitabu hakifiki. Kisha kuna ujumbe wa E999, unaosema tu kwamba kumetokea hitilafu ya ndani. Kwa riwaya za mtandaoni sababu hujirudia: agizo la picha lisilo na picha, alama ya lugha iliyokosewa au kusahaulika, viungo vya yaliyomo vinavyoelekea mahali pasipo sahihi. Kuijaza lugha ya kitabu na kuondoa picha tupu ndani ya Calibre hutibu sehemu kubwa. Na anayekwama kabisa ana waya wa USB: Calibre hugeuza kitabu kuwa AZW3 na kukiweka kwenye Kindle bila kupitia seva za Amazon.

Kwa upande wa simulizi za Kiswahili, mazingira ni mengine. Nyingi huchapwa kwenye Facebook, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye blogu za Blogspot, sehemu baada ya sehemu, kila moja ikiishia na “itaendelea”. Blogu za Blogspot zinapakulika. WebToEpub huweza kuelekezwa sehemu ya msimbo inayobeba hadithi, ila blogu huanza na chapisho jipya, hivyo orodha huja kichwa chini na lazima igeuzwe kabla ya kufunga kitabu. Blogu hugawa machapisho katika kurasa kadhaa, kwa hiyo zana huhitaji kupewa kila ukurasa. Majina nayo hukanganya: “Sehemu ya 9”, kisha “SEHEMU YA KUMI”, kisha “Ep 11”. Kupanga kwa alfabeti kunavuruga kila kitu. Afadhali kufuata tarehe.

Facebook haipakuliki hivyo. Machapisho yako nyuma ya akaunti, maandishi marefu hukunjwa mpaka mtu abofye kuendelea, na sehemu nyingine ziko kwenye maoni. Zana zilizotajwa hazikujengwa kwa ajili yake. Tena wapo watunzi wanaotoa sehemu za mwanzo bure na kuuza zilizobaki kwa malipo ya simu. Kuzikusanya na kuzisambaza kama PDF, kama inavyofanyika kwenye makundi mengi, ni kumkata mtunzi riziki yake, na katika soko dogo kama letu mtunzi mmoja anayekata tamaa ni hasara inayoonekana.

Hapo njia fupi ni kumwomba mtunzi faili. Akiwa anaandika kwenye Google Docs, menyu ya kupakua ina chaguo la EPUB; LibreOffice nayo husafirisha EPUB tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018. Kinachohitajika ni kila “Sehemu ya” kuwekewa mtindo wa kichwa cha habari, badala ya kukoza tu herufi, ili programu ijue sura inaanzia wapi na itengeneze yaliyomo yenyewe. Faili la namna hiyo, likiwa na maandishi peke yake, kwa kawaida hubaki dogo vya kutosha kutumwa kwa WhatsApp likiwa zima, na mtunzi anaweza kulipangia bei.